Kaunta Buku la Kipalapala

Mzazi akinikabidhi mtoto asubuhi, macho yangu yanaanza kumkagua mtoto kabla salamu haijaisha. Natazama kichwa, nyuma ya masikio, shingo, mikono mpaka vidoleni, magoti, nyayo. Natazama anavyotembea kutoka kwenye bodaboda hadi mlangoni. Sweta namvua mwenyewe, kwa sababu mtoto wa miaka mitatu hawezi kulivua bila kunasa kichwa, na kwa sababu sweta huficha mengi. Kazi yote hiyo inakwisha wakati tunaitikiana "Mwangaluka" na kuulizana mtoto ameamkaje. Mzazi akigeuka kwenda zake, mimi nimeshajua kama leo kuna cha kuandika.

Kituo chetu kipo Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Wageni wanapajua hapa kwa seminari kuu ya Mtakatifu Paulo, iliyoanza mwaka 1925, au kwa kiwanda cha chapa cha T.M.P., ambacho jina lake limo kwenye kurasa za mwanzo za vitabu vingi vya Kiswahili ambavyo watu wa umri wangu walisomea. Marehemu baba alikuwa mpanga herufi za risasi, na alikuwa na msimamo mmoja wa ukaidi: jambo lisiloandikwa halikutokea. Tulibishana kwa mengi, lakini kwa hili la watoto nimemrithi. Juu ya kabati la vikombe kuna kaunta buku lenye jalada jeusi. Wazazi wanadhani ni la ada.

Tunapokea watoto wa miaka miwili hadi mitano. Mama zao ni mama lishe, wauza nyanya, wauguzi, vibarua. Baba zao wanaendesha bodaboda au wanalima tumbaku. Wengine wanatuita chekechea, wengine dekea. Kwenye leseni tumeandikwa kituo cha kulelea watoto wadogo mchana. Mtoto yupo nasi kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi jioni. Siku za kazi, mimi namwona akiwa macho kwa saa nyingi kuliko mama aliyemzaa. Akijikojolea namvua na kumwogesha, namlisha, namlaza. Daktari humwona akiugua tu. Mwalimu wa darasa la kwanza atampokea akiwa ndani ya sare na ameshajifunza kunyamaza. Huku kwangu bado hajajua kuficha, na hilo ndilo linaloifanya kazi yetu iwe nzito kuliko ujira wake.

Walezi wengi ninaokutana nao kwenye semina wanaamini kwamba kutoa taarifa za mtoto anayeteswa ni moyo wa mtu. Mwenye huruma ataripoti, mwoga ataacha, na wote wawili hawana kosa. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamwekea wajibu kila mwanajamii mwenye ushahidi au habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa: aipeleke taarifa kwa serikali ya mtaa ya eneo lake. Wenzetu wa Zanzibar wana sheria yao wenyewe, Na. 6 ya mwaka 2011. Jambo likiwa la jinai, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 7, inamtaka anayejua alieleze polisi au kiongozi wa mahali alipo bila kukawia, na inamkinga asije akashitakiwa kwa madhara yaliyotokana na taarifa hiyo. Kama mpita njia tu amewekewa wajibu huo, sembuse mimi ninayelipwa kumtunza mtoto.

Soma sasa maneno yenyewe ya kifungu cha 95, maana ndipo walezi wanapokwama. Kinamtaja mzazi, mlezi au ndugu ambaye anaweza lakini anakataa au anapuuza kumpa mtoto chakula cha kutosha, malazi, mavazi, matibabu, elimu, nafasi ya kucheza na kupumzika. Anaweza lakini anakataa. Umaskini haukutajwa hapo kama kosa, na mimi nashukuru, kwa sababu huku kwetu ungewajaza watu mahabusu.

Tabora ni nchi ya tumbaku. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja, miche inatolewa vitaluni kwenda shambani. Ikifika mwezi wa pili ni kuchuma, kufunga majani kwenye vijiti na kukausha kwenye mabani, moto unawaka usiku na mchana na lazima mtu awepo wa kuuchochea. Mashamba yako mbali, porini, watu wanahamia kambini kwa majuma. Wengine huenda na watoto, na huko watoto hufanya kazi zisizo zao. Wengine huwaacha nyumbani. Kwa hiyo msimu wa tumbaku ni msimu wa kaunta buku.

Kulikuwa na mvulana wa miaka minne ambaye alikuwa akificha maandazi. (Hapa na kwingine nimebadilisha vitu vidogo ili watu wasitambulike.) Nusu anakula, nusu inaingia kwenye mfuko wa kaptula, anaishika kwa kiganja mpaka jioni, inatoka kama udongo. Mlezi mwenzangu alimkanya kwa uchafu. Mimi nilianza kuangalia Jumatatu. Mlezi yeyote aliyekaa kazini atakwambia Jumatatu haidanganyi: mtoto aliyekula vizuri mwisho wa juma hunywa uji wa saa nne kwa madaha, anachezea kijiko, mtoto aliyeshinda njaa anamaliza kikombe kabla ya wenzake kukaa, halafu anatazama sufuria. Huyu Jumatatu alikuwa anakunywa vikombe vitatu. Ijumaa alikunywa kimoja na kubakisha. Niliandika tarehe, idadi ya vikombe, maandazi mfukoni, uzito tulipompima. Nilimuuliza andazi ni la nani. Akasema la dada.

Dada alikuwa na miaka tisa. Ndiye aliyekuwa anamleta asubuhi na kumfuata jioni, akiwa amefunga khanga ya mtu mzima, na sisi tulikuwa tunamsifu kwa utii. Wazazi walikuwa kambini. Bibi mmoja jirani alikuwa "anawaangalia", yaani akipita anaita, wakiitikia anaendelea na safari yake. Nilipomfuata kuzungumza naye alinipokea vizuri, akanipa kigoda na bakuli la matobolwa, akaniambia, "Mwanangu, na sisi tulilelewa hivi hivi, mbona tumekua?" Sikuwa na jibu la kumpa mtu mzima aliyeniheshimu. Niliyala matobolwa yake, nikamshukuru, nikaondoka, na asubuhi yake nikaenda kwa mtendaji na kaunta buku langu kwapani.

Kilichofuata ndicho nataka watu wakijue, kwa sababu wengi wanadhani neno "kuripoti" lina pingu ndani yake. Taarifa ilitoka kwa mtendaji ikaenda kwa afisa ustawi wa jamii. Kifungu kilekile cha 95 kinamruhusu afisa huyo kumwita mlalamikiwa, kukaa naye, kujadiliana na kutoa uamuzi kwa manufaa ya mtoto. Mtu akikaidi uamuzi huo ndipo shauri linapelekwa mahakamani, na mahakama nayo inaweza kumfunga mzazi kwa hati ya ahadi kwamba atatoa kile alichokuwa hatoi. Polisi hawakuwa na nafasi katika kikao kile. Baba aliitwa, akaja amenuna. Afisa alimuuliza mambo ya kawaida kabisa: aliuza kilo ngapi kwenye chama cha ushirika, Amcos, msimu uliopita, alilipwa lini, pikipiki ya pili aliinunua mwezi gani. Jamaa alikuwa na uwezo. Hakuwa mkatili pia, na nadhani hajawahi kumpiga mtoto. Alichoamini ni kwamba mtoto wa miaka tisa akiachiwa debe la unga basi nyumba ina mtu mzima. Alitia saini. Shangazi aliletwa kutoka Sikonge kukaa na watoto hadi mavuno yaishe.

Halafu afisa akauliza swali ambalo sisi wote hatukuliuliza: huyu binti wa miaka tisa anasoma shule gani? Alikuwa ameacha kwenda. Kaunta buku langu lilikuwa limejaa habari za mdogo wake, na yeye aliyekuwa anasimama mlangoni kila siku hakuwa na mstari hata mmoja. Alirudi darasani.

Mwaka huohuo tulikuwa na mama mjane ambaye mtoto wake alikuja bila kula kwa sababu ndani hakukuwa na kitu. Huyo naye jina lake nililipeleka ustawi, na mwanzoni alinichukia. Lakini taarifa yake ilikuwa ya namna nyingine: jina lilipelekwa kwenye orodha ya kaya za kuangaliwa na TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii, na sisi tukamfutia ada mpaka apate nafuu. Mlezi hapaswi kuchagua mwenyewe nani ni mzembe na nani ni maskini. Anapeleka anachokiona, wenye madaraka ya kuuliza watauliza.

Kwenye kipigo maneno huwa mengi zaidi, maana kila mzazi ni mtaalamu wa fimbo. "Mtoto wa Kinyamwezi hafundishwi kwa bembelezo," wananiambia, na mimi Mnyamwezi ninayelea watoto kwa bembelezo tangu ujana nawasikiliza tu. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto kinakataza mateso na adhabu za kudhalilisha. Hakijafuta kila namna ya kumrudi mtoto, na wanaodai kimefuta wanaongeza yao. Lakini kinasema adhabu haina uhalali ikizidi kiasi kwa umri na hali ya mtoto, na kinaongeza kwamba haina uhalali kabisa ikiwa mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa kwa nini anaadhibiwa. Ningekuwa na uwezo ningeyapaka maneno hayo ukutani pale wazazi wanapovulia viatu. Mtoto wa miaka miwili aliyemwaga mboga hajui kwamba mboga ni mia tano ya mwisho. Ukimcharaza hapo, kisheria huwezi kusema ulikuwa unamfunza.

Niwaonyeshe ukurasa mmoja ulivyo. Tarehe juu, saa, jina la mlezi aliyeona. Kisha: "Mkono wa kushoto, nyuma, juu ya kiwiko. Alama 3 za mistari, urefu kama kidole changu cha shahada, ncha zimejikunja kama kitanzi. Rangi nyekundu, ngozi haijapasuka. Nimemuuliza imekuwaje hapa. Amesema: nyoka. Nimeuliza nyoka gani. Amesema: nyoka wa redio. Bibi aliyemleta amesema mtoto alianguka kwenye kuni." Chini nimechora mkono na alama zilipo. Basi. Sikuandika "amepigwa". Sikuandika "bibi anadanganya". Kuni hazikunji ncha. Waya wa umeme uliokunjwa mara mbili ndio unaoacha kitanzi, na nyoka wa redio ni waya wake. Lakini kazi ya kusema hivyo ni ya daktari wa hospitali ya Kitete, aliyeuona mkono siku hiyohiyo. Kazi yangu ilikuwa kumfanya daktari azione alama zikiwa bado mbichi.

Mtaa mzima ulikwishamhukumu mama wa kambo. Huku kwetu mama wa kambo hahitaji kufanya kosa ili awe na kosa. Polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto walipomaliza kuuliza, ikaonekana ni mjomba, kijana mpole aliyekuwa akiimba kwaya, aliyekuja mjini kutafuta kazi na kulala sebuleni. Mama wa kambo ndiye aliyekuwa akimpaka mtoto mafuta. Tangu hapo, mtu akinitajia jina la mtuhumiwa kabla hajanieleza alichokiona, namkatiza.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: na kama nimekosea? Mlezi anataka ushahidi kwanza. Anataka kuwa na hakika kama hakimu, na kwa kuwa hataipata hakika hiyo kamwe, ananyamaza akijiona mwadilifu. Shaka yenye sababu inatosha. Hata madaktari walikuwa na ugonjwa huu. Mwaka 1962 Dakta Henry Kempe wa Denver, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha makala kuhusu watoto wanaofikishwa hospitali na mifupa iliyovunjika zaidi ya mara moja, mingine ikiwa imeanza kuunga, huku wazazi wakisema ameanguka kitandani. Picha za eksirei zilikuwa zikionyesha hivyo siku zote. Madaktari walioziona hawakutaka kuamini kwamba mzazi anaweza. Baada ya makala hiyo, haikupita miaka mitano majimbo yote ya Marekani yakawa na sheria za kumtaka daktari atoe taarifa. Baadaye walimu na walezi wakaongezwa. Uganda, jirani zetu, walipoirekebisha sheria yao ya watoto mwaka 2016 waliwataja kwa kazi zao mganga, ofisa ustawi na mwalimu wenye sababu za kuamini kwamba mtoto anadhuriwa. Afrika Kusini sheria yao inawataja hadi watumishi wa vituo vya mchana kama sisi. Kote huko anayeripoti hatakiwi kuthibitisha.

Ukishakuwa na shaka, mdomo wako unaweza kuharibu zaidi ya ukimya wako. Mtoto mdogo humjibu mtu mzima anachotaka kusikia. Mwulize "Baba amekuchapa?" atasema ndiyo, mwulize "Mama amekuchapa?" atasema ndiyo, mwulize kama ng'ombe amemchapa na huenda akasema ndiyo vilevile. Kwa hiyo swali langu ni moja, "Hapa pamekuwaje?", nalo naliuliza mara moja, nikiwa nimechuchumaa, bila kuita wenzangu waje kuona. Anachojibu nakiandika kwa maneno yake, hata kama ni nyoka wa redio. Simwahidi kwamba sitamwambia mtu. Namwambia nitamwambia mtu wa kutusaidia. Maneno hayo ya kitoto yana uzito kuliko watu wanavyofikiri: tangu marekebisho ya mwaka 2016, Sheria ya Ushahidi inamruhusu mtoto wa miaka isiyozidi 14 kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi tu kusema kweli na si uongo. Kwenye makosa ya kujamiiana, mahakama ikiridhika kwamba mtoto aliyetendewa anasema kweli, inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno yake peke yake.

Makosa hayo ndiyo wasomaji watanilaumu nikiyapita, na watanilaumu nikiyataja. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2009 na Unicef, kituo cha CDC cha Marekani na Chuo Kikuu cha Muhimbili, matokeo yake yakatolewa 2011, uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Waliomwambia mtu yeyote ni nusu hivi ya wasichana hao na theluthi moja ya wavulana hao. Tafadhali usimsahau mvulana huyo. Kwenye vituo vyetu walezi wanalinda wasichana na kuwaacha wavulana waende chooni na yeyote.

Ukiona damu au uchafu kwenye nguo ya ndani, mtoto anatembea ametanua miguu, analia kwa maumivu akikojoa, au ghafla haogeshwi bila kupiga kelele, huo si wakati wa kwenda kumuuliza bibi. Usimwogeshe. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa nailoni, maana nailoni inaozesha. Mtoto aende hospitali na kituo cha polisi siku hiyohiyo. Polisi hutoa fomu inayoitwa PF3, lakini mtoto aliyeumia hatakiwi kusubiri karatasi ndipo atibiwe. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inazipunguzia nguvu. Siku hizo tatu hazitoshi kamwe kwa vikao vya ukoo.

Maana vikao vitakuwepo. Mtu mzima wa heshima atakuja kituoni jioni, ataanza na hali ya mvua, atafika kwenye bei ya tumbaku, halafu atasema, "Mwalimu, mambo haya tunayamaliza nyumbani." Kumaliza maana yake mbuzi mmoja au wawili, fedha kidogo kwa baba wa mtoto, na mtuhumiwa kuhamia Urambo kwa muda. Mimi namwitikia kwa adabu zote, "Sawa mzee, nyumbani mkae," na namweleza kwamba mimi nimeshapeleka. Ndiyo faida ya kuwahi: anapofika mwenye mbuzi, hakuna tena cha kuzuia. Kubaka mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha, na ukoo hauna mamlaka ya kuikata adhabu hiyo vipande ukaigawa.

Hofu nyingine ni kwamba serikali itamchukua mtoto. Hii inashika sana Kipalapala, pengine kwa sababu wazee wetu walisimuliwa. Miaka ya 1880, Tabora ikiwa bado njia panda ya misafara ya pembe na watumwa kati ya Ujiji na Bagamoyo, Mapadri Weupe walikuwa na makao ya yatima hapahapa. Wengi walikuwa watoto waliokombolewa kwa bidhaa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara, wametoka Manyema na kwingineko, hawajui warudi wapi. Kwa watoto wale makao yalikuwa kimbilio. Lakini wazo lililobaki vichwani mwa watu ni kwamba mtoto mwenye shida anapelekwa kwenye jengo. Siku hizi jengo ni la mwisho. Kwanza hutafutwa ndugu, kama yule shangazi wa Sikonge. Akikosekana, kuna familia za kuaminika ambazo ustawi umezikagua. Afisa akiona mtoto yuko hatarini anaweza, akiwa na polisi, kuingia nyumbani na kumtoa, ila hapo mahakama inahusishwa. Katika taarifa zetu nyingi mtoto alilala nyumbani kwao usiku uleule, na aliyetoka ni mtu mzima.

Nimeacha la aibu mwishoni, na ningependa kulipita haraka. Anayemuumiza mtoto anaweza kuwa mmoja wetu. Mlezi mwenye watoto thelathini na mshahara uliochelewa anafinya. Anafinya ndani ya paja, pasipoonekana, kwa kucha. Nilipomkuta mwenzangu akifanya hivyo, tulikuwa marafiki na watoto wetu walikuwa wakiazimana viatu. Aliniomba niseme naye tu, yaishe. Niliandika kwenye kaunta buku kwa mwandiko uleule na mpangilio uleule wa siku nyingine: tarehe, paja la kulia, alama mbili za nusu mwezi. Kanuni za Adhabu zinamwadhibu yeyote mwenye mtoto chini ya uangalizi wake anayemtesa au kumtelekeza, na neno hilo "uangalizi" limeandikwa kwa ajili yetu sisi pia. Mkuu wa kituo akitaka kulinda jina la kituo, mlezi asiishie kwake. Kuna mtendaji, kuna ustawi, kuna dawati, na kuna namba 116, simu ya mtoto inayopokelewa na C-Sema bila malipo, ambayo hata mtu asiyetaka kutaja jina lake anaweza kuipiga. Wakipokea watauliza mtoto yuko wapi sasa hivi, ana umri gani, umeona nini na lini. Mwenye daftari anajibu bila kubabaika. Yupo pia Mungu, lakini Yeye ameshaona.

Kuhusu gharama sitawadanganya. Afisa ustawi wetu ana kata zaidi ya moja na hana pikipiki. Mara nyingine namlipia bodaboda kutoka kwenye hela ya uji. Kuna mama hanisalimii sokoni mpaka leo. Na kuna wazazi wanaomhamisha mtoto wiki ileile waliyoitwa. Wa mwisho alimpeleka kwenye nyumba moja upande wa pili wa barabara, chumba kimoja, hakina leseni, hakina hata choo cha watoto, mwenye nyumba anapokea watoto kumi na wawili kwa bei ya nusu. Aliyetarajia kwamba taarifa yangu ingeishia pale mtoto alipotoka getini kwangu hakuisoma sheria vizuri; wajibu hautegemei ada. Niliandika jina la nyumba ile, mahali ilipo, tarehe niliyomwona mtoto akiingizwa, nikaupeleka ukurasa ofisini kwa afisa. Kwa sasa anafuatilia mambo mawili, mtoto na leseni, na ameniambia nirudi Alhamisi.